Jicho Sawa na Maji: Kayaki, Kamera na Maziwa Mawili ya Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ambao mji wa Sumbawanga umekaa juu yake katika kimo cha takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ni kipande cha nchi kilichobaki kimeinuka wakati ardhi ya ubavuni mwake ilipodidimia huku na huku katika mpasuko unaojulikana kwa jina la Bonde la Ufa, na kila upande uliodidimia umepata ziwa lake: Tanganyika magharibi, Rukwa mashariki. Nyuso za maziwa hayo zinakaribiana kwa kimo, moja likiwa kama mita 770 na la pili kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, lakini hapo ndipo undugu wao unapokoma. Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, hata sakafu yake ikawa chini sana ya usawa wa bahari yenyewe, ilhali Rukwa ni ziwa ambalo katika sehemu kubwa ya mwambao wake mvuvi hufika chini kwa pondo, yaani ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Maji ya Tanganyika ni maangavu na yana mlango wa kutokea, ambao ni mto Lukuga unaoelekea Kongo. Maji ya Rukwa yana rangi ya udongo, yana magadi, na hayana pa kwenda isipokuwa angani kama mvuke.

Tofauti hiyo, ambayo mwanajiografia huiandika kwa mistari miwili akaendelea na mengine, kwa mpiga picha wa viumbe vya majini ndiyo kila kitu. Kosa la kawaida la mtu anayefika Ufipa akiwa amefunga kayaki juu ya gari ni kudhani kwamba chombo kilichomfaa katika ziwa moja kitamfaa pia katika la pili, kwa kuwa yote ni maji na yametenganishwa na safari ya siku moja tu.

Kayaki ni chombo chembamba chenye nafasi ya mtu mmoja au wawili, ambamo mwendeshaji huketi karibu kabisa na maji, miguu ikiwa imenyooshwa mbele, akatumia kafi lenye bapa pande zote mbili. Neno kafi linastahili kutofautishwa na kasia, kwa sababu mazungumzo ya kila siku huyachanganya: kasia hushikizwa kwenye ukingo wa chombo na mvutaji huipa omo mgongo, lakini kafi hubaki huru mikononi na anayelitumia hutazama anakokwenda. Kwa mtu mwenye kamera, kutazama anakokwenda si jambo dogo. Asili ya chombo hiki ni kwa Wainuit wa nchi za barafu za kaskazini, waliokiunda kwa ngozi za sili zilizowambwa juu ya kiunzi cha mbao au mifupa, ili wamfikie mnyama kimyakimya wakamchome kwa chusa. Kwa hiyo tangu mwanzo kilikuwa chombo cha kunyatia, na plastiki zinazotumika kukiunda siku hizi hazikukibadilisha tabia.

Nasaba hiyo ya uwindaji inaonekana pia katika historia ya picha za wanyama. Mmarekani George Shiras, mwanasheria aliyewahi kuwa mbunge, alipiga picha za kulungu wa kaskazini mwa Marekani usiku akiwa ndani ya mtumbwi, kwa mbinu iliyotumiwa na wawindaji wa Kiojibwe: taa huwekwa mbele ya chombo, mnyama aliyekuja kunywa maji huduwaa akiitazama, na mtumbwi husogezwa taratibu nyuma ya mwanga usioonyesha aliyeubeba. Penye bunduki yeye aliweka kamera na unga wa kulipuka kwa mwanga mkali, na mwezi Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 kwa mpigo. Karibu na miaka hiyo, katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa akipiga wanyama picha za usiku kwa njia nyingine, ya kumfunga punda au ng'ombe kama chambo na kutega kamera ijifyatue yenyewe simba anapofika. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1905 na kikasomwa sana Ulaya. Hao wawili hutajwa pamoja kama waanzilishi wa fani hii, ingawa kazi zao hazifanani: Schillings alimwita mnyama kwenye kamera, Shiras aliipeleka kamera kwa mnyama. Mtumbwi wa Shiras ndio babu wa kayaki ya mpiga picha wa leo, na mtu wa Kirando au Kasanga, kwenye mwambao wa Tanganyika, asingeshangazwa na ufundi wake, kwa kuwa wavuvi wa dagaa wa huko nao huutumia usiku usio na mbalamwezi, wakiwavuta samaki juu kwa karabai, ambazo siku hizi nyingi zimeziachia nafasi taa za umeme wa jua.

Faida ya kwanza ya kayaki, ambayo hakuna lenzi inayoweza kuileta, ni kimo cha jicho. Mtu aliyeketi ndani yake huwa na jicho lililo kama sentimita 80 juu ya maji. Akimlenga ndege aliye umbali wa mita 20, kamera huinama kwa nyuzi mbili na kidogo tu, ilhali mtu aliyesimama juu ya sitaha yenye jicho la mita tatu huinama kwa zaidi ya nyuzi nane. Hesabu hiyo ndogo huamua kilicho nyuma ya ndege. Kutoka juu, nyuma yake yapo maji yaliyo mita chache tu kutoka mgongoni mwake, nayo hutokea kwenye picha yakiwa na kila kiwimbi. Kutoka chini, nyuma yake upo mwambao wa mbali au anga, ambavyo lenzi ndefu huvilainisha vikawa rangi tupu. Ndege hutokea mbele ya ukungu wa kijani au wa samawati akiwa peke yake, na mtazamaji hupata hisia kwamba anamtazama kiumbe huyo ana kwa ana. Picha za aina hii hupewa sifa kwa ajili ya kamera ghali, na mara nyingi sifa hiyo ingeiendea zaidi namna ya kukaa.

Hasara yake ni mtikisiko. Kanuni ya zamani husema kwamba kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufungua jicho lake, isiwe ya polepole kuliko moja chini ya urefu wa lenzi kwa milimita, hivi kwamba lenzi ya milimita 400 idai angalau sehemu moja ya 400 ya sekunde. Kanuni hiyo ilitungwa kwa watu waliosimama ardhini. Ndani ya kayaki, ambako chombo hutikisika hata kwa pumzi ya mpigaji, busara ni kuizidisha mara mbili na nusu au zaidi, kufikia sehemu moja ya 1,000 ya sekunde au hata 1,600, na kulipia mwanga unaopotea kwa kuongeza ISO, ambacho ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Miguu mitatu ya kusimamishia kamera haina kazi hapa. Viwiko vilivyoegemezwa magotini ndivyo mhimili.

Kwa upande wa Tanganyika, mahali ambapo kayaki hustahili jina lake ni Kipili, katika Wilaya ya Nkasi, kunakofikiwa kutoka Sumbawanga kwa kupitia Namanyere na kuteremka hadi mwambaoni. Mbele ya Kipili kuna kundi la visiwa, vikiwamo Ulwile na Mvuna, ambavyo huvunja mawimbi na kuacha kati yake mikono ya maji tulivu, na kingo zake ni mawe makubwa yanayoingia ziwani wima. Mpiga picha huweza kuzunguka kisiwa asubuhi moja akiwa mita mbili tu kutoka kwenye mwamba, umbali ambao boti ya injini haithubutu. Juu ya mawe hayo hukaa mnandi wakianika mabawa, mdiria huchungulia kutoka kwenye tawi lililoinamia maji, na furukombe, yule tai wa kichwa cheupe alaye samaki, hulinda eneo lake kwa sauti inayosikika kabla hajaonekana. Fisi-maji huwapo pia, ingawa aghalabu humwona mtu kabla ya mtu kumwona. Yupo vilevile swila wa majini, nyoka anayeishi kwa samaki na kupiga mbizi katikati ya mawe. Ana sumu, lakini ni mwoga, na picha zake nzuri hupatikana kwa yule anayetulia badala ya kumfuata.

Hata hivyo utajiri wa pwani hii uko chini ya uso wa maji. Tanganyika lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ambayo wanasayansi huiita sikilidi, ambao ni ndugu wa sato na perege, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Kuhe, ambaye wenyeji humjua zaidi akiwa kwenye sahani, hutajwa kuwa ndiye mkubwa kuliko sikilidi wote ulimwenguni. Wadogo wao, hasa wale wa jenasi ya Tropheus wanaokwangua miani juu ya mawe, hawapendi kuvuka maji ya kina wala mchanga mtupu, na kwa sababu hiyo kila kipande cha mwamba kimekuja kuwa na watu wake wenye rangi yao, hata majina ya vijiji na visiwa vya wilaya za Nkasi na Kalambo yakawa yanatajwa na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya kama majina ya aina za samaki. Ad Konings, Mholanzi aliyetumia miongo mingi kuwapiga picha samaki hao akiwa majini, ameonyesha katika vitabu vyake jinsi rangi inavyobadilika kutoka mwamba hadi mwamba. Ni jambo la kufikirisha kwamba mtoto wa Ujerumani anaweza kumtaja samaki wa Mvuna kwa jina la kisiwa chake, wakati mwanafunzi wa Sumbawanga hajawahi kuonyeshwa picha yake.

Je, samaki hao huweza kupigwa picha kutoka juu, bila kuzama? Huweza, lakini kwa masharti ambayo elimu ya mwanga imeyaweka wazi. Sehemu ya mwanga unaogonga maji hurudi kama kwenye kioo, na mng'ao huo ndio unaofunika kilicho chini. Kuna chujio la lenzi liitwalo la polarishaji, ambalo hupitisha mawimbi ya mwanga yanayotikisika upande mmoja tu na kuyazuia mengine. Kwa kuwa mng'ao wa maji hutikisika zaidi kwa mlalo, chujio likizungushwa vizuri huufuta. Lakini huufuta kabisa pale tu macho yanapoyatazama maji kwa pembe ya nyuzi kama 53 kutoka wima. Kwa jicho lililo sentimita 80 juu ya maji, pembe hiyo hugonga uso wa ziwa umbali wa takriban mita moja kutoka ubavuni mwa mtazamaji, na si zaidi. Huko mbele ya hapo maji huwa kioo tena. Kimo kilekile kinachompa mpiga picha ndege mzuri humnyima samaki, isipokuwa akubali kupiga kile kilicho karibu na ubavu wa chombo chake, na anayejaribu kuinama zaidi ili apate pembe nzuri hugundua upesi kwa nini kayaki hupinduka. Njia ya tatu, ya kuishusha kamera ndogo isiyoingia maji kwa kijiti na kuinua picha bila kuangalia, haina heshima kubwa kwa mafundi, lakini hutoa picha ambazo mafundi hao huzionea wivu.

Tanganyika si ziwa la kuchezewa. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti hivi, pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu katika nusu yake ya kusini, na mawimbi yake ni ya bahari kuliko ya ziwa. Wavuvi wa Kipili na Wampembe husoma dalili zake mapema, na mgeni mwenye kayaki hana sababu ya kutoka asubuhi ambayo wao wamebaki ufukweni. Jaketi la kuokolea maisha huvaliwa, halikaliwi kama mto. Kamera hufungwa kwa kamba fupi na kulala katika mfuko usiopitisha maji kila isipotumika. Mamba na viboko wapo kwenye midomo ya mito na penye matete, na wenyeji hujua ni ipi. Kichocho nacho kipo katika baadhi ya fukwe, ambalo ni jambo la kuulizia zahanati kuliko la kupuuza.

Rukwa ni habari nyingine kabisa. Anayeshuka kutoka uwandani kuelekea kijiji cha Muze huteremka ukuta wa Lyamba lya Mfipa, ambao ndio kingo ya magharibi ya bonde hilo, na baada ya kimo cha karibu mita 1,000 hujikuta katika joto na vumbi la tambarare inayoishia ziwani pasipo mstari ulio wazi. Kutokuwa na mstari ndiko tabia ya Rukwa. Mwaka 1929 lilikuwa limenywea hadi urefu wa kama kilomita 48. Miaka kumi baadaye lilikuwa limefikia kama kilomita 128. Na katika nyakati za maji mengi limezidi kilomita 150. Ziwa lisilo na mto wa kutokea na lisilo na kina huitikia kila msimu wa mvua, na kupanda kwa maji kwa kimo cha mtu tu hufunika tambarare kubwa. Mito kama Songwe na Momba, pamoja na vijito vinavyotoka misitu ya milima ya Mbizi juu ya Sumbawanga, hushusha udongo, nao upepo hauuachi utulie. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa. Chujio la polarishaji halina cha kufunua hapa.

Lakini kile kinachomkosesha mpiga samaki ndicho kinachomlisha mpiga ndege. Maji ya kina kifupi yenye chumvichumvi na rutuba hujaa viumbe vidogo na samaki, wakiwamo magege wanaovuliwa kwa wingi, na hao huwaleta mwari, domomwiko, yangeyange na korongo kwa makundi. Maji yanapopanda huua migunga ya ukingoni na kuiacha imesimama, na miti hiyo mikavu iliyozungukwa na maji huwa viti vya mnandi na furukombe ambavyo hakuna mtunga picha angeviweka vizuri zaidi.

Hapo ndipo kishawishi cha kayaki huwa kikubwa, na hapo ndipo inapaswa kuachwa juu ya gari. Rukwa linajulikana kwa mamba wake na viboko wake, na katika maji ya udongo yenye kina cha kiuno hakuna anayeweza kuona ni wapi kiboko amelala. Kiboko huweza kukaa chini kwa dakika tano hivi, na akiibuka chini ya chombo chembamba cha mtu mmoja hakuna kafi litakalomwondoa. Chombo cha hapa ni mtumbwi mrefu wa wavuvi, wenye uzito na uthabiti, unaosukumwa kwa pondo na mtu aliyesimama shetri. Kusimama kwake ndiko usalama: jicho lake liko juu ya mita mbili, huona mapovu na mistari ya maji ambayo aliyeketi haioni, ilhali mpiga picha amelala omoni, lenzi ikiwa karibu kugusa maji. Kazi hugawanyika vilevile kama katika mtumbwi wa Shiras: mmoja huona njia, mwingine huona picha. Inafaa kusemwa pia kwamba mtu wa pondo si mbebaji. Yeye ndiye mwenye ujuzi wa ziwa lile, na jina lake lingestahili kuandikwa chini ya picha pamoja na la mwenye kamera, jambo ambalo magazeti yetu hayajazoea.

Kumsogelea ndege kuna adabu yake, iwe kwa kayaki au kwa mtumbwi. Chombo kinachokwenda moja kwa moja huonekana kama adui, kile kinachopita kwa mshazari kama gogo linaloelea. Kinachowatimua ndege aghalabu si mwili wa chombo bali mmeto wa kafi linaloinuliwa juu, na kwa hiyo mwenye ujuzi hukaa upande ambako upepo unatoka, akauachia upepo umpeleke, akirekebisha kwa mkono tu. Ndege akiacha kula na kunyoosha shingo, ameshaona. Akijisaidia na kuinama mbele, anaruka. Picha ya ndege anayeruka kwa kuogopa hutambulika mara moja na mtu anayewajua ndege, na penye viota huwa na gharama ya mayai kupoa au makinda kuliwa na mwewe.

Sehemu kubwa ya Rukwa imo ndani ya pori la akiba linalosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, hivyo ruhusa hutafutwa kabla ya mtumbwi kuingia majini. Pori hilo lina historia isiyo ya kitalii. Tambarare za Rukwa zilitambuliwa kuwa moja ya mazalio ya nzige wekundu, na shirika la kimataifa la kuwadhibiti lilianzishwa mwaka 1949, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala upande wa Zambia. Mmoja wa wanaikolojia wake, Desmond Vesey-FitzGerald, aliyetumwa kuchunguza nzige, aliishia kuandika kuhusu nyasi, ndege na wanyama wa bonde lote. Katika ziwa linalohama kwa makumi ya kilomita, picha yenye tarehe na mahali palipopimwa kwa GPS huwa ushahidi wa aina ileile ya maandishi yake: mti uliokuwa nchi kavu mwaka huu na umezingirwa na maji mwaka ujao huueleza msimu wa mvua kwa namna ambayo jedwali la takwimu halifanyi.

Kilichobaki ni mwanga, na mwanga wa maziwa yote mawili hutawaliwa na uwanda ulio katikati. Katika latitudo ya nyuzi nane kusini jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu wa chinichini ambao wapiga picha huutamani hudumu kwa dakika 25 hivi, ambao ni muda mfupi kuliko ule wanaousoma katika vitabu vya Ulaya. Rukwa huupata asubuhi, jua likitoka upande wa maji. Jioni hulinyima: mwambao ulio kilomita tano kutoka kilele cha ukuta wa mita 1,000 huingia kivulini jua likiwa bado nyuzi 11 juu ya upeo, yaani robo tatu ya saa kabla ya machweo yenyewe. Tanganyika ni kinyume chake. Asubuhi jua huchelewa nyuma ya uwanda na hufika likiwa limeshapanda, lakini jioni hakuna kizuizi isipokuwa maji na milima ya Kongo. Anayevuka kutoka ziwa moja kwenda la pili hulala Sumbawanga, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi ya kweli, na kamera iliyolala kwenye baridi hiyo ikitolewa ghafla katika joto la mwambaoni hufunikwa na umande ndani na nje ya lenzi. Dawa yake ni kuiacha ndani ya mfuko uliofungwa kwa saa moja ipashwe polepole, hata kama furukombe amekaa mbele.

Kwa hiyo ratiba inayoheshimu nchi hii huanzia Muze alfajiri, ndani ya mtumbwi wa pondo, na kumalizikia Kipili siku ya pili jioni, ndani ya kayaki, katika maji yaliyo kati ya visiwa. Jua likishazama nyuma ya Kongo, maji bado huwa na rangi ya shaba iliyopoa. Mitumbwi ya dagaa hutoka wakati huo, ikipangana kuelekea kilindini, na taa zake huwashwa moja baada ya nyingine kabla giza halijafunga. Kasi ya shata huwa imeshuka mno kwa lenzi ndefu. Fupi bado hufaa, iwapo kafi limelazwa mapajani na chombo kimeachwa kitulie chenyewe.